Mkalimani wa Mwalimu Teki

Habari ilinifikia kwenye simu saa nne asubuhi, nikiwa nasahihisha madaftari kwenye ofisi ya walimu huku Mbweni. Tuna kundi letu la WhatsApp, watu kumi na mmoja tuliosoma tuisheni pamoja Mtoni, na kwa kawaida kundi lile limelala, linaamka siku za Idi na Krismasi tu ili tutumiane picha za maua. Siku hiyo Hamisi wa Manzese aliandika kwamba Mama Mwalimu amefariki, kwamba alikuwa ameletwa Dar kutibiwa na kufikia kwa mtoto wa shemeji yake, na kwamba msiba uko Mtoni, nyumba chache tu kutoka pale tulipokuwa tunasoma. Nikasoma mara mbili. Kisha nikafunika daftari la mtoto wa watu bila kuweka alama, nikaenda chooni, nikajifungia na kulia. Mtu angeniuliza ningesema ni mafua. Nilikuwa sijamwona yule mama kwa miaka ishirini na minane, na katika miaka yote hiyo sikumtumia hata salamu. Si kwamba nilimsahau. Nilikuwa namwonea aibu, aibu ya kumfanya mtu mzima avuke barabara akiona anayefanana naye, na nimeona leo niiseme.

Ya kwetu, baba alikuwa nani na mama aliuza nini, sitayagusa, hayahusiki. Mwaka wenyewe ni ule niliorudia mtihani wa kidato cha nne. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na Kiingereza nilikuwa nimekifeli vibaya, kule kufeli mpaka majirani wanakupa pole. Nikapelekwa kwa Mwalimu Ndimbo, mstaafu, mtu wa Mbinga, aliyekuwa anafundisha kwenye kibanda kilichoegemea karakana ya samani. Mabenchi yetu yalikuwa mabaki ya mbao za fundi, hewa yote ilikuwa vanishi, na randa ya upande wa pili ikianza kazi Mwalimu ananyamaza katikati ya sentensi, anasubiri, ikinyamaza anaendelea na neno lile lile alipoliachia. Tuisheni za wenzetu zilikuwa zinafundisha mitihani iliyopita. Yeye siku ya kwanza aliandika ubaoni neno moja, take, akatuambia hilo ndilo la mwaka mzima, anayetaka mengine aende kwingine. Watatu waliondoka palepale. Mie nilibaki kwa sababu kwenda kwingine kulihitaji maelezo nyumbani.

Utaratibu wake ulikuwa hivi: huingii kibandani bila karatasi. Kila wiki kila mmoja alete kipande chochote alichookota mtaani chenye neno lile, hata kama hajui maana yake, na Mwalimu anakibana kwa kibanio cha nguo kwenye waya uliopita ukutani kama kamba ya kuanikia. Mie nilileta boksi la dawa za presha za mama, limeandikwa take one tablet daily, Mwalimu akasema hapo hakuna anayechukua kitu, hapo mtu anameza. Hamisi alileta mfuko wa chipsi wa take away, tukacheka, maana tekiawei tulikuwa tunaila miaka yote bila kujua kama tunasema Kiingereza. Kulikuwa na tangazo la studio ya picha, kulikuwa na lebo ya shati la mtumba, kulikuwa na barua ya mapenzi ambayo mwenyewe aliikunja ikabaki mstari mmoja, you take my heart. Mwalimu aliubana mstari ule karibu na boksi la dawa bila kutabasamu. Alikuwa anatuambia tusimshangae Mzungu kwa kulitumikisha neno moja kiasi hicho, kwani na sisi tuna piga: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga picha, tunapiga magoti, tunapiga mswaki, na hakuna anayeumia. Lugha, alisema, ina watumishi wake wachache ambao hawapumziki. Alipenda kuliko yote take your time. Aliliandika peke yake, akalitazama, akatuuliza kama kuna mtu pale ndani aliyewahi kuwa na muda wake mwenyewe. Mpaka mwezi wa sita daftari langu lilikuwa na matumizi sitini na moja, mengi kuliko ya mtu yeyote, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimeongoza kwenye kitu.

Jumanne moja hakuja. Tukaambiwa ameanguka bafuni, kiharusi, upande wa kulia hauna kitu. Alikaa hospitali wiki mbili na zaidi, na sisi tuliendelea kuja kibandani, tunakaa, tunatazama waya, tunaondoka. Siku aliporudishwa nyumbani mkewe alikuja mwenyewe. Tulizoea kumwona kwa mbali tu, mama mnene wa wastani, mpole, kitenge chake kimefungwa vizuri hata akienda bombani. Alisimama mlangoni akatuuliza ni nani kati yetu anajua Kiingereza kuliko wenzake. Tukatazamana. Akaeleza kwamba mwalimu wetu Kiswahili kimemtoka chote, hata Kimatengo cha kwao kimemtoka, kimebaki Kiingereza peke yake, na yeye Mama Mwalimu aliishia darasa la nne, kwa hiyo anaishi ndani na mume anayeongea mchana kutwa na hamwelewi. Anataka mtu wa kumtafsiria. Mjuzi alikuwa Hamisi, lakini Hamisi aliangalia miguu yake. Wakanisukuma mie, nyumba yetu ilikuwa karibu, tena daftari langu ndilo lililojaa. Nisidanganye, nilijisikia vizuri. Mtu aliyefeli Kiingereza anaombwa ukalimani. Nilitembea nyuma ya yule mama nikiwa nimenyoosha shingo.

Walipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati. Chumba cha nje kilikuwa na kochi, kabati la vyombo, picha ya Bikira Maria na redio iliyovishwa kitambaa. Cha ndani Mwalimu alikuwa ameegemezwa mito kitandani, mdomo umeenda upande, na chumba chote kilinukia dawa ya kuchua. Nikampa shikamoo. Akanitazama akasema, "Take." Nikasubiri sentensi iishe. Akasema tena, "Take, take. Take," kwa sauti inayopanda na kushuka vizuri kabisa kama ya mtu anayesimulia safari, akamalizia kwa kuinua nyusi, kama anayeuliza. Halafu akanyamaza kungoja jibu langu. Kumbe Kiingereza chenyewe kilichobaki kilikuwa hicho, neno moja, lile letu la mwaka. Mama Mwalimu alikuwa amesimama na kijiko mkononi. Akaniuliza anasemaje. Nilipaswa kusema sijui. Neno lenyewe ni fupi na halihitaji shule. Lakini mngeiona sura ya yule mama, macho yalivyonikodolea kama mgonjwa anavyomkodolea daktari aliyeshika vipimo. Pembeni kwenye stuli kulikuwa na bakuli la maharage ambalo halijaguswa. Nikasema anasema chumvi imezidi. Akachota, akaonja, akaweka mkono kifuani. "Mungu wangu, kweli imezidi," akasema, akacheka, na cheko lenyewe likageuka kilio. Mpaka leo sijui kama chumvi ilikuwa imezidi.

Ndivyo nilivyopata kazi. Kila jioni kabla ya magharibi nilikuwa nakwenda, nakaa kwenye kigoda, Mwalimu anasema lile neno lake, mie naangalia chumbani kuna nini, naangalia Mama Mwalimu ana hali gani, natunga. Anasema usinyanyue ndoo nzito, kiuno chako. Anasema dirisha lifunguliwe kidogo. Anasema leo umependeza. Anasema pole kwa kuhangaika. Hiyo ya pole niliitoa siku moja nilipomkuta yule mama ameketi chini, ameegemea kitanda, miguu imevimba, na ilimwingia mpaka akageukia ukutani. Baadaye, tukichambua dagaa wa Nyasa aliotumiwa kutoka kwao, aliniambia kwamba miaka thelathini ya ndoa mume wake hakuwahi kumwambia asante wala pole, alikuwa mtu wa kuitikia tu, na kiharusi ndicho kimemfundisha adabu. Alikuwa anacheka. Mie nilikuwa nakata vichwa vya dagaa, natamani ardhi inimeze. Wapangaji wenzake nilikuwa nawasikia koridoni wakiosha vyombo, wanasema mama yule siku hizi ananawiri, mume kaumwa ndio mapenzi yameanza, kuna watu wana bahati zao.

Kulikuwa na kliniki ya viungo, mara mbili kwa wiki, na mwezi wa saba nilimsindikiza. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa dada mmoja mwenye mikono ya nguvu. Nikamvuta pembeni, nikamuuliza Mwalimu anamaanisha nini anaposema vile. Akaniambia haimaanishi kitu, au inamaanisha kila kitu, hakuna wa kujua. Kichwani ana maneno yake yote, mdomoni linatoka hilo moja lililosalia, na huenda mwenyewe anasikia anaongea sawasawa. Lingeweza kuwa kikombe, lingeweza kuwa Jumatatu. Nikauliza je, akitikisa kichwa kwa ndiyo au hapana? Akasema nisiamini hata hiyo, anachanganya. Akanisisitiza nimweleze mke wake, taratibu. Nilirudi nyumbani nikiwa na nia hiyo kabisa. Mama Mwalimu alikuwa amepika kande, ameweka sahani tatu, na kabla sijakaa akaniuliza njiani Mwalimu amesemaje. Nikasema anasema safari imemchosha lakini mkono unapata nguvu. La mkono lilikuwa kweli. Alikuwa ameanza kushika kikombe. Nilijishikiza kwenye ukweli huo mmoja wiki nzima.

Jambo linalonitesa si Mama Mwalimu peke yake. Ni macho ya Mwalimu. Nilipokuwa natafsiri alikuwa ananitazama mie, si mkewe, na mara nyingine macho yalijaa maji. Nilijiambia ananishukuru. Sasa nimekuwa mtu mzima, nimekaa kwenye vikao ambako watu wamenisemea nisiyoyasema, na najua kuna machozi mengine kabisa. Labda alikuwa anasema maneno yangu yaache, msichana, hayo si yangu. Labda alikuwa anaomba maji. Alikuwa ametufundisha matumizi sitini na moja ya neno, akabaki nalo hilo hilo, na mie mwenye daftari lililojaa nilikuwa sina hata maana moja ya kumpa.

Mwezi wa tisa wakaja ndugu zake wawili kutoka Mbinga. Mkubwa, Mzee Gervas, alikuwa mtu wa maneno machache, amevaa koti la suti kwenye joto la Dar na hakulivua. Walikuja kumchukua mdogo wao wampeleke nyumbani. Kule kuna nyumba, kuna watu wa kumnyanyua, kuna hewa. Huku analala kwenye chumba cha kupanga na mwanamke mmoja anayemgeuza peke yake. Walisema kweli. Mama Mwalimu alisema kule hakuna wa kumnyoosha mkono, na mkono umeanza kurudi, wakimwondoa sasa ndio basi. Naye alisema kweli. Basi Jumapili baada ya misa wakakaa kikao, chumba cha ndani, kuzunguka kitanda, tumekwisha kula ugali na hakuna aliyetoa sahani. Mie sikuwa na sababu ya kuwepo ila ile moja. Mzee Gervas alimwambia shemeji yake kwamba hawakuja kumnyang'anya mume, mgonjwa ana akili zake, aseme mwenyewe. Uso wa Mama Mwalimu ukafunguka. Aseme mwenyewe, akaitikia, Zuhura yupo. Hakunikonyeza, hakunigusa mguu, hakunipanga kabla. Alikuwa ananiamini tu.

Mzee Gervas akamuuliza ndugu yake kwanza kwa Kimatengo, kisha kwa Kiswahili, kama anataka kwenda nyumbani au kubaki. Mwalimu akajibu. Alijibu kwa kirefu, take nyingi, za juu na za chini, mkono wa kushoto unapunga, mate yanatoka pembeni, na alipomaliza alikuwa anahema. Watu wazima wanne wakanigeukia. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu: anataka kubaki. Nadhani hata lilikuwa la kweli. Ndipo yule mzee akainama kunitazama usoni. "Binti, wewe ni Mwislamu, siwezi kukuapisha kwa kitabu chetu," akasema. "Huyu tumenyonya ziwa moja. Kwa jina la mama yako aliyekuzaa, niambie alichosema." Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningedanganya. Nikamtazama Mwalimu, naye ananitazama, na nikaona siwezi kumwekea mdomoni jambo kubwa kama lile, mahali pa kuishi, labda pa kufia. Nikasema sijui anachosema. Nikasema sijawahi kujua, hata siku moja.

Hakuna aliyenigombeza. Nilisubiri nigombezwe, haikuja. Mzee Gervas aliketi vizuri, akashusha pumzi. Mama Mwalimu alikuwa anakunja pindo la kitenge chake, anakunjua, anakunja. Halafu akauliza, taratibu, kama mtu anayeulizia bei.

"Hata ile ya chumvi?"

"Hata ile ya chumvi, Mama."

Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, akasimama, akaanza kukusanya sahani. Kikao kilikuwa kimekwisha, wakubwa walishaamua, na yeye hakubishana tena hata kwa neno moja, kana kwamba mtu aliyekuwa upande wake kwenye ubishi ule ameondoka chumbani. Alhamisi asubuhi nilikwenda stendi kuwaaga. Walimnyanyua Mwalimu wakampitisha mlango wa basi kwa shida, wakamkalisha dirishani, Mama Mwalimu karibu yake na chupa ya uji miguuni. Nilisimama chini. Mwalimu akaniona, akasema take, mara moja tu, wazi. Mama Mwalimu akageuka haraka kama alivyozoea. "Anasemaje?" akaniuliza, na palepale akakumbuka, nikaona uso ukikumbuka. Lakini hakugeuza macho. Alinitazama akisubiri, basi linaunguruma, wapiga debe wanagonga bodi. Na mie nilinyamaza. Nilijiona nimetubu, nimekuwa mkweli, mkweli hadanganyi mara ya pili. Ningesema chochote jamani. Ningesema anasema kaa vizuri. Basi likaondoka na mie nimefunga mdomo.

Mtihani nilifaulu, nilipata C, nikaendelea mpaka ualimu, na nini nafundisha? Kiingereza. Take huwa nalipitia haraka, kipindi kimoja, naenda mbele.

Msibani nilifika baada ya adhuhuri. Turubai lilikuwa limefungwa uchochoroni, wanawake kwenye mikeka, jeneza litasafirishwa kesho yake. Karakana ya samani haipo, pamekuwa duka la vifaa vya simu. Nikatoa pole kwa mfiwa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyenyoa nywele, Skola, binti wa marehemu Mzee Gervas. Nikataja jina langu kwa sauti ndogo nikitumaini halitafika. Akanishika mkono wote. Akauliza, Zuhura yule mkalimani? Nikakaa bila kukaribishwa.

Akanisimulia, huku anapokea watu. Baba mdogo aliishi nao miaka minne. Mkono haukupona. Wao walikuwa watoto, walikuwa wanamwogopa kwa teki yake, wanakimbia, mpaka Mama mdogo akawaita akawakalisha kitandani awatafsirie. Akisema teki, anawaambia anasema chumvi imezidi. Anasema msinyanyue ndoo nzito. Anasema leo mmependeza. Nikawa nayasikia maneno yangu, yale yale, kwa mpangilio ule ule, kutoka kwa mtu niliyekuwa sijawahi kumwona. Walizoea hivyo nyumba nzima, hata Mzee Gervas mwenyewe mwishoni alikuwa anamuuliza shemeji yake, huyu kasemaje leo. Na siku ya mwisho alisema teki, Mama mdogo akawaambia amesema poleni kwa kuhangaika. "Kila tukimuuliza Kiingereza alijifunzia wapi," Skola akasema, "anasema kafundishwa na Zuhura wa Mtoni."

Wanawake wa mkeka wetu walikuwa wanasikiliza. Skola akafuta uso kwa kanga, akanisogelea, akauliza kwa kuwa mie ndiye niliyesoma: hasa hasa, baba mdogo alikuwa anasema nini? Nikaziona tena zile nyusi zake kitandani, zimeinuka, anangoja. Nina shahada, nina miaka arobaini na saba, na sijui.

"Alikuwa anasema hivyo hivyo alivyowaambia Mama," nikamjibu.

Akashukuru. Wakaanza kugawa chakula, nami nikapewa sahani ya wali na maharage. Yalikuwa hayana chumvi kabisa. Nikala yote.